Makarai Manane ya Udongo Ndani ya Mtumbwi wa Mzee Sampa

"Ondoa! Ondoa udongo yako mu bwato yangu!"

"Papa Sampa, ngojea kwanza nikueleze—"

"Nani amekufa? Niambie, nani amekufa mu hii lupango?"

"—ni maua, Papa, maua tu, hakuna mutu—"

"Maua ya nani? Ya mufu! Miye niko hai! Nilikula bukari jana, weye mwenyewe uliniona!"

"Nilikuona, Papa. Na samaki mbili."

"Alor unanizika ju ya nini?"

Ni saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, kwenye lupango, uwanja wenye ua wa nyumba moja nyuma ya soko la samaki la Nchelenge, kando ya ziwa Mweru. Kuku wamepanda juu ya paa la choo. Majirani watatu wamekumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanika karibu na ua. Katikati ya uwanja imelala hiyo bwato: mtumbwi mkuukuu wa mbao, urefu wake hatua saba, umetiwa udongo mweusi chini kote, na miche ishirini ya maua imesimama ndani yake kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kufungua shule.

Upande huu yuko Mzee Sampa, miaka 74, mvuvi aliyestaafu, fimbo juu. Upande ule yuko Mama Marthe, miaka 43, mikono myeusi kwa udongo hadi viwikoni. Hajaja kumzika mtu. Kazi yake ni kupamba nyumba.

Wanagombana kwa Kiswahili kwa sababu Kibemba cha Marthe bado kinatambaa kwa magoti. Kiswahili cha mzee ni kile alichookota kwa miaka thelathini, akiwauzia samaki wafanyabiashara wa Kongo huko kisiwani Kilwa, humohumo ziwani. Kwa bei kinatosha. Kwa matusi kinatosha zaidi.

Katikati yao anatokea Memory, binti wa mzee na mwenye nyumba, ndoo ya chisense, dagaa wa hapa, mkononi. Ndiye aliyemwita Marthe. Jumamosi anapokea ugeni kutoka Mwansabombwe, wazazi wa kijana anayetaka kumuoa binti yake, na hataki waone ukuta uliokula mvua miezi mitano.

"Batata, mukwai, hii bwato ni takataka," anamwambia baba yake kwa heshima. "Ni miye nilimwambia atie maua."

Mzee hamtazami. "Takataka inazaa wewe, inakulisha, inakusomesha," anamwambia kuku aliye juu ya choo. Halafu anatoa hukumu. Jumamosi hatapokea mgeni. Atakaa barabarani na fimbo yake na kumwambia kila atakayepita kwamba ameshazikwa, waende wakalie nyumbani kwao.

Bila mzee wa nyumba, mazungumzo ya posa hayaanzi. Memory anajua hivyo, majirani wanajua hivyo. Anamvuta Marthe pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo ua mzima unaisikia:

"Mama Marthe, akikataa kutoka Jumamosi, usirudi tena hapa. Na pale sokoni bakiniuliza sababu, nitasema."

Hilo neno sokoni ndilo linalomgusa Marthe. Nyumba kumi na nne alizopamba mwaka huu kandokando ya ziwa, zote zimepita midomoni mwa wanawake wa soko la samaki. Hana bango wala kadi. Ana midomo yao tu. Na kuna jambo jingine. Mwenye nyumba moja ya kulala wageni, vyumba kumi na moja, amesema atapita hapa Jumamosi hiyohiyo kuona kazi kabla ya kumpa yake. Marthe hajawahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

Anachukua jembe, anaanza kutoa udongo. Karai la kwanza. La pili. Anahesabu kimyakimya, na mzee naye anahesabu, kwa sauti.

*

Marthe anatoka upande wa Mitwaba, Kongo, kwenye milima ya ndani, mbali na maji yoyote yanayofaa kuitwa ziwa. Alivuka mpaka miaka minane iliyopita na anaishi kwenye makazi ya wakimbizi nje ya mji. Analima muhogo huko, na siku za kazi anakuja Nchelenge kwa baiskeli.

"Kwetu mwanamuke anasiriba nyumba yake kila kiangazi," anasema, huku jembe likiendelea. "Usiposiriba, batu banauliza kama uko mugonjwa. Nyumba haijasiribwa ni kama mutu hajanawa uso. Nilipofika huku nikaona nyumba nyingi hazijanawa."

Chumba kimoja ni kwacha mia mbili na hamsini, udongo wake mwenyewe. Rangi ya dukani, anasema, mteja angelipa zaidi ya hapo kabla hata ya kutafuta wa kuipaka.

Rangi zake zinatoka chini. Nyeupe anaichimba ukingoni mwa kijito, nyekundu anaitoa kwenye kichuguu, ya kijivu ni majivu, nyeusi ni mkaa uliotwangwa. Anachekecha kwa kitambaa cha kitenge, halafu anachanganya na maji mazito yaliyorowekewa mihogo. Hayo ndiyo gundi. Nyumba inanuka muhogo siku mbili, kisha inasahau.

Namna yake ya kupima inashangaza. Ukuta ukikauka, anaugeuzia mgongo, anajisugua kama ng'ombe, halafu anamwuliza mwenye nyumba: "Nimechafuka?" Akichafuka, anarudia bila malipo.

Ndani kwa Memory ukuta wa chini umepakwa nyekundu hadi kwenye goti, ili matope ya watoto yasionekane. Juu ni nyeupe. Nyavu mbovu, zile zisizofaa hata kwa mbu, amezichemsha na magome ya mti zikawa rangi ya chai, akazitundika madirishani. Zinaruhusu upepo na kuzuia macho. Nje, chupa tupu zimefukiwa kichwa chini pande zote mbili za njia, na chanja la zamani la kuanikia samaki limesimamishwa wima mlangoni, mmea wa boga unapanda.

Lakini kitu kinachowafanya watu warudi nyuma hatua mbili ni vioo. Marthe anaokota vipande vya vioo vilivyovunjika, anasugua makali yake kwenye jiwe na kuvipachika kwenye udongo mbichi, ukuta unaotazamana na mlango. Fungua mlango, na ziwa Mweru liko ndani, vipandevipande, linameremeta nyuma ya kiti cha baba.

"Memory alilia," anasema Marthe. "Aliniambia, nimekaa hapa miaka yote, ziwa iko nyuma yangu, sijawahi kuikaribisha."

Kumbe kuna kitu kimoja cha ziwani ambacho yeye Marthe hakukijua.

*

"Tano," anasema Mzee Sampa.

Karai la tano limetoka. Hasira yake imepungua kidogo, kama chungu kilichoondolewa kuni moja. Ameketi kwenye kigogo. Alipoulizwa kosa hasa ni nini, alijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

"Mutu wa kwetu akikufa, mutoto wa nyumba anachukua udongo ku kaburi. Mukono moja. Anakuja, anautupa mu bwato yake. Hapo bwato inajua mwenyewe ameenda. Haimungojei tena. Mutu mwingine anaweza kuichukua." Anamwonyesha Marthe kwa fimbo. "Baba yangu nilimutupia miye mwenyewe. Mukono moja! Huyu mama ametia karai munane. Bwato yangu inafikiri nimekufa mara munane!"

Majirani kwenye ua wanacheka. Mzee anawatazama, wanarudi kwenye nguo zao.

"Kwetu Mitwaba bwato haiko," anasema Marthe bila kuinua kichwa. "Kuko milima na manyoka. Niliona mbao inaoza, kuku anataga ndani. Nikasema, hapa maua itakaa muzuri. Kuku je, Papa? Mbona kuku haukumufukuza?"

"Yai si udongo!"

"Kweli," anakubali Marthe. "Yai si udongo."

Karai la nane linatoka. Anaufagia mtumbwi kwa ufagio, halafu kwa kitambaa, halafu anaumwagia maji ya ziwa ndoo tatu bila kuambiwa na mtu. Maji yanatoka yote kwa tundu la mbele, pale mzee alipowahi kupiga kiraka cha bati. Miche ishirini imelala chini juani, mizizi nje. Saa nne hivi itakuwa imekufa.

Marthe anaketi kwenye kigogo kilekile, mwishoni kabisa.

"Papa Sampa, nikuulize kitu. Bwato inabeba nini?"

"Samaki."

"Na nini?"

"Wavu. Batu."

"Batu na mizigo yabo?"

"Na mizigo yabo. Unataka nini, mama?"

"Mutu akija na chungu yake iko na udongo ndani, anapeleka Chisenga, ku kisiwa. Utamukatalia?"

Mzee anautazama mtumbwi. Anakuna goti kwa ncha ya fimbo.

"Sitamukatalia," anasema mwishowe. "Ule ni abiria. Atalipa."

Basi Marthe anainuka mbio. Anazunguka nyumba tano za jirani kuomba kila kilichotoboka: masufuria, ndoo zisizo na mshikio, makopo ya mafuta, birika moja lisilo na mdomo. Anatia udongo humo, miche humo, na kuanza kuvipanga ndani ya mtumbwi, kila kimoja juu ya vipande viwili vya matete ili chini yake kusiguse mbao.

Anapanga kama anavyopanga kila kitu: virefu katikati, vifupi pembeni. Kwa mpambaji ni sahihi.

"Awe! Awe! Hapana!" Mzee ameshasimama. "Nani anapakia bwato namna hii? Unataka bazame? Ule muzito wa sufuria, nyuma! Ile ndoo, katikati! Acha nafasi ya mwenye kupiga kasia, atakaa wapi, ku kichwa ya maua?"

"Hapa, Papa?"

"Kule! Hapana, kule! Mama huyu, Mungu wangu."

Kwa saa nzima mvuvi mstaafu anapakia abiria. Miaka kumi na moja tangu magoti yalipomtoa majini, binti yake hajamwona ameinama hivyo. Memory amesimama mlangoni, ndoo ya chisense bado mkononi. 

Lakini Jumamosi bado haijafika, na mzee hajasema kama atatoka.

*

Jumamosi, saa nne. Wageni sita kutoka Mwansabombwe wanashuka kwenye gari lililojaa vumbi. Marthe yuko nyuma ya jiko, amevaa kitenge chake kizuri, hatazami. Mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene mwenye miwani anayeitwa Ba Chishimba, ameshafika na anajisugua mgongo ukutani, kwa maana amesikia habari.

Kiti cha mzee barazani kiko tupu. Barabarani hayuko. Memory anachungulia ndani, na huko hayuko.

Halafu sauti inatoka upande wa mtumbwi, nyuma ya ndoo na maua.

"Karibuni, karibuni, lakini musiguse! Bamelipa nauli!"

Mzee Sampa ameketi ndani, kwenye nafasi ya mpiga kasia aliyoiacha mwenyewe, shati jeupe, tai, kasia magotini. Anawatambulisha abiria mmoja mmoja. Wa ndoo anashuka Chisenga. Wa kopo ni mwalimu. Wa birika lisilo na mdomo ni mwizi, mushike mifuko. Baba wa kijana, aliyekuwa amekuja na uso wa posa, anacheka hadi anashika ukingo wa mtumbwi. Mazungumzo yanaanzia hapohapo, wageni wamesimama wakiuzunguka kama watu wanaoagana bandarini, na ni saa nzima kabla mtu hajakumbuka kuingia ndani kuliona ziwa ukutani.

Ba Chishimba anatazama nguo yake mgongoni. Safi. "Mama, uanze Jumatatu," anamwambia Marthe. "Vyumba vyote. Lakini miye nataka bwato mbili."

"Ni za nani?" anauliza Marthe haraka.

"Nini?"

"Izo bwato mbili. Nitaongea kwanza na wenyewe."

Jioni, akifunga udongo uliobaki kwenye baiskeli, Marthe anaulizwa atafanya nini baada ya kazi hiyo. Anataka kukodi kiwanja kidogo kando ya barabara kubwa, auze miche na udongo wa rangi uliokwisha kuchekechwa. "Batu baje kuchagua ukuta yabo kama banavyochagua kitenge. Hii sawa, hii hapana, hii pima kwanza. Na tena nataka—"

"Mama Marthe."

Ni mara ya kwanza Mzee Sampa kumtaja kwa jina. Wageni wameondoka, tai imelegea, na bado hajashuka mtumbwini. Memory, anayefagia karibu, anaacha kufagia.

"Watoto wangu ni wanne," anasema mzee. "Watatu wako Lusaka, bwato hii habaijui. Memory anaiita takataka."

"Batata—"

"Nyamaza, nasema na mutu." Anapitisha kiganja kwenye ukingo wa mbao, polepole, pale Marthe alipouosha. "Siku yangu ikifika, mama, ule udongo ya kaburi, nataka uutupe weye."

Marthe anashika baiskeli kwa mikono miwili.

"Mukono moja tu," anasema mzee. "Tafazali. Usilete karai."