Pudini ya Verdell Haikungoja Sakitu

Umande bado umelala kwenye nyasi, na Verdell Tarpley amekwishapiga magoti chini ya mpasimoni wake, juu ya shuka kuukuu la kitandani. Anaokota pasimoni zilizodondoka usiku: matunda madogo ya rangi ya chungwa, ngozi imekunjamana kama uso wa bibi. Kila moja analibonyeza kwa dole gumba. Lililolegea linaingia ndooni, gumu linatupwa ng'ambo ya ua.

"Wifi! Umefikia kuokota yaliyooza?" anaita Ozella, wifi yake, kutoka kibarazani kwake.

"Kunywa kahawa yako wewe. Kesho utaomba sahani ya pili."

"Na Miss Corrine je? Unamkosoa marehemu?"

Hilo ndilo swali la mji mzima wa Harlow Bend, Georgia, wiki hii.

Miss Corrine Yarbrough alizaliwa hapa, akaandika riwaya zake hapa, akazikwa hapa. Katika ile inayopendwa kuliko zote, mama mmoja anangoja sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, iyatie matunda utamu ndipo apike pudini ya pasimoni. Kila Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa mwandishi, mji hula pamoja katika ukumbi wa kanisa, na pudini hiyo ndiyo hufunga karamu.

Lakini sakitu siku hizi inakuja Novemba. Kwa miaka minne kamati ya karamu imepika viazi vitamu na kuviita pasimoni. Watu wamekula, wamesifu, wamekwenda zao.

"Hata mimi nilisifu," anasema Verdell. "Ningefanyaje? Nilikaa karibu na mchungaji."

Verdell ana miaka 61. Kwa miaka ishirini na sita amepika katika shule ya msingi, na leo analipwa dola kumi na nne kwa saa. Kinachomuuma si mshahara. "Nawapakulia watoto pichi za kopo," anasema, "na mpichi unaonekana dirishani."

Yeye naye alikuwa akingoja sakitu, kama alivyosoma. Kisha, Septemba ya mwaka juzi, aliona kulungu watatu uani wakila matunda yaliyoanguka. Akatoka na gauni la kulalia, akaokota moja, akaonja. Lilikuwa tamu kama asali.

"Kulungu hawajasoma riwaya hata moja," anasema, "lakini tazama walivyonenepa."

Mwaka huu aliamua kuomba ruhusa ya kupika pudini bila kungoja sakitu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Prentiss Loftin, mfamasia mstaafu anayeijua riwaya hiyo karibu yote kwa moyo.

"Verdell, imeandikwa," alisema mzee Loftin.

"Na viazi, Bwana Loftin, vimeandikwa ukurasa gani?"

Mzee alikohoa, akakubali, kwa sharti moja. Pudini ikiharibika, viazi vitarudi na Verdell asiombe tena. Na kuharibika ni rahisi. Pasimoni moja ambayo haijaiva ina ukakasi unaoshinda wa bibo, na ikiingia sufuriani inaharibu yote. Ndiyo maana dole gumba la Verdell halina haraka.

Mchana anayasaga matunda kwenye chujio kwa mwiko, mbegu zinabaki, uji mzito unashuka. Anatia unga, mayai, mtindi, sukari kidogo, magadi na mdalasini. Trei saba zinakaa ndani ya oveni kwa moto mdogo hadi pudini inakuwa nyeusi na kung'aa.

Kesho yake jioni ukumbi umejaa. Sahani zinapita. Verdell anasimama mlangoni mwa jiko, aproni mkononi, anatazama midomo ya watu. Mzee Loftin anatafuna, anafumba macho, anatafuna tena.

"Mbona kimya?" ananong'ona Verdell. "Ozella, nimewaua?"

"Mdomo umejaa, niache," anajibu Ozella.

Ndipo Miss Ina Yarbrough, mdogo wake mwandishi, mwenye miaka tisini na mbili, anagonga meza kwa kijiko.

"Hii ndiyo pudini ya mama yetu!" anasema. "Corrine hakuwahi kupika hata yai. Sakitu aliiweka kwa sababu neno lilimpendeza. Sisi tulikuwa tukiokota Septemba, pekupeku!"

Ukumbi unalipuka kwa vicheko na makofi. Trei zote saba zinarudi jikoni zikiwa zimekombwa. Mzee Loftin anakuja mwenyewe na sahani tupu.

"Verdell, mwaka ujao utatupikia tena?"

"Mwaka ujao, Bwana Loftin, mtakuja kula kwangu."

Hilo si tambo. Mei anastaafu, na kanisa limekubali atumie jiko la ukumbi kuuza chakula siku za kazi. Atapika tini Julai, zabibu mwitu Agosti na pasimoni kuanzia Septemba, zote kutoka nyua za majirani, ambao zamani walikuwa wakiyafyeka matunda yaliyoanguka pamoja na nyasi. Shule nayo imeagiza pudini ya watoto kila Ijumaa.

Asubuhi iliyofuata karamu, Verdell aliamshwa na kelele za ng'ambo ya ua. Ozella alikuwa chini ya mpasimoni wake mwenyewe, akitandika shuka jipya la maua.

"Wifi!" aliita. "Dole gumba unabonyeza wapi, juu au ubavuni?"

Verdell alivaa viatu, akavuka ua kwenda kumwonyesha.