Sinema Niliyoinunua kwa Soda

Nilinunua jengo la sinema mnadani kwa sababu paa lake halikuvuja. Sinema yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilikuwa mfanyabiashara wa mitumba, caguwa kama wanavyoiita Kigali, na marobota yangu yalilala uani kwangu Gikondo chini ya turubai lenye matundu, mvua za masika zikibisha hodi. Robota likinyeshewa, kesho yake linanuka kama mbwa, na mnunuzi wa Kigali ana pua. Karibu mtaji wangu wote ulikuwa pale uani; uliobaki niliumaliza mnadani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Yaliyokuja baadaye wengine wameyaandika, nami nimeyalilia vya kutosha. Hapa naandika habari za soda.

Mwenye sinema alikuwa mzee mmoja mjane, mrefu, asiyevua koti la suti hata juani. Tangu vita vianze kule kaskazini watu waliogopa kutoka jioni, viti vikabaki vitupu, benki ikachoka kusubiri. Siku ya mnada nilidhani atajificha. Kumbe alisimama mlangoni akipokea watu kama baba wa bibi harusi, akawatolea hata mabenchi ya ndani wakae. Uwanja ulijaa. Dalali akauliza nani ataanza. Akauliza tena. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi, mtoto wa Tabora, nikasema moyoni hawa wamelala, nikainua mkono. Hakuna aliyepandisha bei. Nyundo ikagonga, nikapiga vigelegele peke yangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba wale wote walikuja kumpa mzee pole.

Nilikuwa nimesikia kwamba Rwanda ukinunua shamba au nyumba, sharti uwanyweshe mashahidi. Wanaita agacupa k'abagabo, kachupa ka mashahidi, na ndani ya hako kachupa hakuna chai. Sasa mimi ni Mwislamu, na mume wangu, dereva wa lori, alikuwa njiani kutoka Dar. Nikawaagizia watu wa mnadani soda, kreti kadhaa, nikajiona mwerevu. Wakanywa kwa adabu zote. Mmoja wao aliinua chupa yake ya machungwa, akaiangalia kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole, "Mama, na ile ingine iko inakuja saa ngapi?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, zipo tele, nikamfungulia ya pili.

Kesho yake nikaenda kuchukua ufunguo.

"Nta kibazo, madamu," akasema mzee, yaani hakuna shida. "Nyumba iko yako. Ufunguo tu ndiyo iko kwa mutoto wangu. Kesho."

Kesho mtoto akawa amesafiri. Baadaye ufunguo ukapatikana, ila kufuli limeshika kutu. Kisha kutu ikatoka, ila siku hiyo kulikuwa na msiba. Kila mara nta kibazo, na kila mara ananikalisha, anauliza hali ya mume wangu, ananisindikiza mpaka barabarani. Kwetu Tabora mtu akikukatalia, anakukatalia mpaka majirani wasikie, na unajua pa kuanzia ugomvi. Huyu ningegombana naye vipi? Karatasi za mahakama nilikuwa nazo, na askari ningeweza kuwaleta. Lakini ukishamtoa mzee wa watu kwa askari, mitumba yako utaiuzia kuta.

Siku moja mawingu yalikaa juu ya Gikondo tangu asubuhi. Matone ya kwanza yalipoanguka kwenye turubai, nikapanda juu ya robota nikalia kwa hasira. Jirani yangu, mama mmoja mpika pombe ya ndizi, akachungulia.

"Mama, unaria nini? Si ulinunua nyumba?"

"Nilinunua."

"Walikunywa?"

"Walikunywa soda."

Akashika kichwa, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Soda! Unamunyang'anya muzee sinema yake na soda? Ile haiko kununua, mama. Ile iko kutembelea."

Nikamwambia pombe sinunui, afadhali marobota yaoze. Akafikiri kidogo. Mwishowe akasema atanikamulia umutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hata watoto wanakunywa. "Watu wakunywe pamoja, kwa kibuyu, na mirija. Inatosha."

Mkono mtupu haulambwi, nikakubali. Tukamwalika mzee na mashahidi kwangu Jumamosi. Jumamosi mzee akatuma salamu kwamba mguu unamuuma, nta kibazo, atakuja. Umutobe ukakaa unamsubiri. Akaja siku nyingine kabisa, bila taarifa, na koti lake na mashahidi nyuma yake. Jirani akafunua kibuyu, akanusa, akafunika haraka.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Ilikuwa jus. Lakini imelala siku mingi, nayo haijui kama wewe uko Mwislamu."

Na hapo nikakumbuka balaa lenyewe. Rwanda, anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wote, ili wageni wajue hakuna sumu. Asiyeonja amesema neno baya sana bila kufungua mdomo. Kibuyu kikawekwa katikati, mrija ukageuziwa upande wangu, povu likawa linapanda. Wakatazama viatu vyao vilevile kama siku ya mnada. Upepo ulikuwa unapigapiga turubai. Nikawaza marobota, nikamwaza marehemu baba yangu, mwalimu wa madrasa, nikaona aibu huku na huku. Mkono wangu, ule uliokuwa mwepesi mnadani, ukagoma.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Siwezi."

Mtu akakohoa. Nilijua nimekwisha: jengo limekwenda, na mitumba imekwenda nalo. Mzee akanitazama, akatazama kibuyu, akasogeza kigoda chake, akainama, akaugeuza mrija na kuvuta yeye kwanza, tena kwa muda mrefu. Jirani akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mgeni kuonja kabla ya mwenyeji, hakuwahi kuona.

Mzee akajifuta midomo. "Mutu alichukua sinema yangu mbele ya macho yangu, hata akapiga vigelegele," akasema. "Kama alitaka kuniua, angekuwa amemaliza siku ile."

Uani pote wakaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Akawapa mashahidi mrija, akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa ufunguo. Ulikuwa humo siku zote. Akanipa kwa mikono miwili.

Mvua ilikuwa imeshaanza tulipobeba marobota, mashahidi nao wakibeba. Mzee akavua koti, mara ya kwanza nikamwona bila koti, akatutangulia ndani. "Muanzie mbele," akasema, "hii chini iko inateremuka." Robota la kwanza aliliweka mwenyewe, chini ya ule ukuta mweupe alikokuwa akionyesha picha. Akalipigapiga kwa kiganja, kama mtu anavyompigapiga ng'ombe aliyemuuza, akatoka nje kwenye mvua.