Mtu wa Lubondja Alinyoosha Mkono

Nimekuwa nikienda shuleni kwa baiskeli tangu nilipopata kazi ya kufundisha darasa la tatu hapa Baraka. Nyumba yangu iko mwisho wa mji, upande wa mlima, na shule iko karibu na ziwa, kwa hiyo asubuhi nateremka na mchana napanda. Mwanzoni watu walinitazama sana, mama mzima, kitenge juu ya suruali, madaftari yamefungwa kwenye karia. Baadaye walinizoea. Barabara yenyewe ndiyo haikunizoea. Mwenye jeep anapiga honi ukiwa bado mbali, mwenye pikipiki anapita karibu na kiwiko chako, na wote wana neno moja: "Pembeni, mama! Kinga ni ya pembeni!" Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga. Lakini huko pembeni kuna mtaro, kuna akina mama wamepanga ndagala wao, dagaa wa ziwani, kuna magari yaliyosimama. Nilikuwa nikijibana humo humo bila kuuliza, kana kwamba nimeruhusiwa kupita kwa huruma tu.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao wenye pikipiki. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka tisa, nikamlea mimi. Alipoanza kubeba abiria nilifurahi kuliko yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na barabara ilimzoeza kwamba wadogo watampisha.

Siku ile ilikuwa ya soko, nami nilikuwa natoka shuleni nikipitia sokoni kwanza. Mbele yangu, hatua kama kumi, alikuwapo mzee mmoja wa Lubondja, kijiji cha juu mlimani, ambaye huleta mafuta ya mawese mjini kwa baiskeli. Nilimjua kwa sura, kwa sababu mara nyingi nilinunua kwake. Alikuwa amefunga bidoni mbili, yale madumu ya njano, moja kila upande, akikanyaga polepole kama mtu anayejua uzito wa alichobeba. Upande wa kulia lori lilikuwa limesimama likishusha saruji, limejaza pembeni yote mpaka kwenye mtaro. Mzee aligeuka akaangalia nyuma, akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kutoka ili alizunguke lori. Nami nikajiandaa kumfuata.

Pikipiki ikapiga honi nyuma yangu, ikanipita kwa kasi. Haikupunguza. Iligonga gurudumu la nyuma la mzee, naye akaanguka kwa bega. Bidoni moja ikapasuka na mafuta mekundu yakaanza kutambaa kwenye vumbi. Mwenye pikipiki alianguka pia, akainuka, akavua kofia ya chuma. Alikuwa mdogo wangu.

Watu wakajaa mara moja. Wenzake wenye pikipiki walifika wa kwanza, kama kawaida yao. "Kinga iliingia mu njia ghafula!" alipaza sauti mmoja wao, ambaye alitokea upande wa pili wa lori na hakuona chochote.

"Nani aliona?" mtu akauliza.

Mdogo wangu akanitazama. Nilikuwa nimepiga magoti nimeshika mkono wa mzee, na swali nililisikia vizuri. Nikasema, "Tumupeleke kwanza ku hospitali." Lilikuwa neno zuri, nami nilijificha nyuma yake.

Mzee alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Polisi walichukua pikipiki na baiskeli, zote mbili.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mlima, mdogo wangu alikuja nyumbani. Aliketi mlangoni, akakataa chakula.

"Yaya," alisema, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "kesho asubuhi batatuita ku polisi. Muzee alisema kwamba mwalimu moja wa kinga alikuwa nyuma yake. Batakuita na we."

"Nitaenda."

"Useme tu haukuona muzuri. Lori ilikufunika."

"Haikunifunika."

"Mi siombi useme mubaya ya ule muzee, yaya. Useme tu haukuona."

Nikamuuliza, "We uliona mukono yake?"

Alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. "Niliona," akasema. "Nilizani atanipisha. Kinga inapishaka kila siku."

"Na mi je? Siku utanikuta mbele yako?"

"We ni yaya yangu. Nitakujua."

"Leo ulinipita kabla ya kugonga muzee. Ulinijua?"

Aliinuka, akaondoka bila kuaga, nami nikabaki na sahani yake.

Sikulala vizuri. Nilijaribu kujiambia kwamba shahidi mmoja hawezi kubadili kitu, kwamba mzee atapona tu, kwamba damu ni damu. Kila sababu ilikuwa na ukweli wake kidogo, na ndiyo maana zilinichosha.

Asubuhi tulikuwa wanne ndani ya chumba cha polisi: mimi, mdogo wangu, mzee aliyefungwa mkono shingoni kwa kitambaa, na polisi mwenye daftari mezani. Alianza na mzee.

"Kinga haina plaki ya namba, haina taa. Ilikuwa inatafuta nini mu katikati ya barabara?"

"Nilinyoosha mukono, chefu," mzee akamwambia mkubwa huyo.

"Mukono haiko taa, muzee."

Polisi akacheka peke yake, kisha akanigeukia. Nilisimama. Nikamweleza yote kwa mpangilio, jinsi ninavyowaeleza watoto hesabu: aliangalia nyuma, akanyoosha mkono, akatoka polepole, pikipiki ikaja na haikupunguza.

"Mwenye moto, ile pikipiki, unamujua?"

"Ni mudogo wangu. Baba moja, mama moja."

Kalamu ikasimama. "Na unasema hivi?"

"Ninasema vile niliona, chefu. Na mi niko na kinga. Kama katikati haiko yangu, na pembeni iko lori, nipite wapi?"

Akainama, akaandika kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Ningependa kusema nilijisikia shujaa. Nilijisikia nimevua nguo mbele za watu. Mdogo wangu aliangalia viatu vyake tu.

Mzee ndiye aliyetutoa pale. "Mi sitaki afungwe," alisema. "Shida yangu ni moja: mafuta itafika namna gani ku soko?" Wakakubaliana kwamba polisi atarudisha pikipiki na baiskeli, mdogo wangu atatengeneza lile gurudumu, na kila siku ya soko atapanda Lubondja kumletea mzee bidoni zake kwa pikipiki, mpaka bega lipone. Alikubali bila kunitazama.

Kwa zaidi ya miezi miwili hakukanyaga kwangu. Shangazi yetu alikuja kuniambia kwamba nimemuuza mtoto wa mama yangu. Siku moja nilishuka kwenye baiskeli nyuma ya ukuta wa shule, nikalia, nikajipangusa kwa kitenge, nikaingia darasani.

Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, nikasikia pikipiki ikizima uani. Aliingia, akaweka chupa ya mawese mezani.

"Muzee anakusalimia," akasema.

"Bega yake?"

"Imepona. Juzi alikuwa analima." Akavuta kiti. "Muke yake anapikaka sombe ya majani ya muhogo muzuri sana. Kuliko yako."

Nilimpakulia bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Tulikula, na kabla hajamaliza tonge la tatu alikuwa ameanza kulalamika kwamba siku ya soko baiskeli zingekatazwa kabisa barabara kubwa, kwamba zinajaza njia, kwamba wengine hawaangalii nyuma. Nikamwambia wakataze kwanza malori kushusha saruji pembeni. Akasema malori yana wenyewe. Nikamwambia hata baiskeli ina mwenyewe. Tulibishana mpaka bukari ikapoa, sauti juu, jirani akachungulia akidhani tunapigana.

Hajawahi kuniambia kwamba nilifanya vema, nami sijamuuliza. Lakini siku hizi, akipita njia yangu, anapunguza mwendo, anakaa nyuma yangu mpaka nafasi ipatikane, na wenzake walio nyuma yake wanampigia honi kwa hasira.