Ngurumo Bila Kipaza Sauti

Sebuleni kwa baba mdogo hakukuwa na meza ndogo. Kulikuwa na spika. Mbili kubwa zilisimama ukutani zimefunikwa vitambaa vya kufuma, moja imebeba televisheni, nyingine picha yake na mama mdogo siku ya harusi yao. Mbili za wastani zilikaa mbele ya makochi, na juu yake wageni waliwekewa chai. Hapo ndipo binti yake, dada yangu, alipoweka kikombe chake Jumapili moja alasiri akaeleza harusi yake itakavyokuwa. Ingefanyika mchana, kwenye chumba cha muziki cha shule aliyosoma, kwa watu wachache wanaotosha meza moja ndefu. Maua yangekuwa ya aina moja, meupe. Na kusingekuwa na kipaza sauti.

Baba mdogo alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila jambo mpaka hapo.

"Kimeharibika?" aliuliza.

"Hapana, baba. Hakitakuwepo."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akazitazama spika zake kama mzazi anayetaka kuwatoa watoto chumbani wasisikie maneno ya wakubwa.

Watu humwita Ngurumo. Siku za kazi ni dalali wa samani zilizotumika, kwenye banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na katika ujana wake alinadi makabati na vitanda kwa mapafu yake tu. Siku moja alipeleka viti vya kukodi kwenye harusi akakuta mshereheshaji hajafika na wageni wameanza kuangalia mlango. Mtu akamkumbuka yule dalali mwenye sauti. Akapandishwa juu ya kiti, na kwa kuwa hakujua lugha nyingine ya kusifu, akamsifu bibi harusi kama kabati la mbao ngumu: hana ufa, hana doa, amesimama imara, na anayemtaka asichelewe. Shangazi za binti walikunja nyuso tayari kukasirika. Bibi harusi akacheka mpaka akashika mbavu, basi nao wakacheka. Tangu hapo Jumamosi za baba mdogo hazikuwa zake tena.

Baadaye alijifunza maneno mazuri zaidi. Alipata hata maneno yake mwenyewe ya kumwingiza bibi harusi, ambayo mji mzima unayajua: "Ua limechanua, nuru imeingia, nani atabaki ameketi?" Hapo watu wote husimama. Mjini kwetu wapo wanawake wenye watoto wakubwa ambao bado watakuambia kwa majivuno, "Mimi niliingizwa na Ngurumo."

Niseme wazi ninavyoona, maana jambo hili linanichoma. Harusi zetu tumezigeuza mnada. Kila familia inapandisha dau juu ya jirani: ukumbi mkubwa kuliko ule, taa nyingi kuliko zile, keki ya kupanda kwa ngazi. Wageni wanakaa na njaa wakisubiri msafara wa magari, na wenye shughuli wanakaa juu ya jukwaa kama bidhaa dirishani, hawawezi hata kumsalimia bibi yao aliyesafiri kwa ajili yao. Kisha vijana wawili wanaanza maisha wamechoka kabla hawajalala usiku mmoja chini ya paa lao. Dada yangu aliposema anataka meza moja na maua ya aina moja, nilitamani kusimama nimpigie makofi. Lakini niliuona uso wa baba yake nikainamia chai yangu.

Dada ni fundi wa fremu za picha. Duka lake ni chumba chembamba kati ya saluni na fundi viatu, kimejaa vipande vya mbao vilivyoegemezwa ukutani kama mianzi. Wateja wanamletea picha za harusi na kuomba fremu za dhahabu zenye maua ya kuchonga. Yeye hawabishii. Anaichukua fremu nyembamba nyeusi, anailaza pembeni ya picha, anasubiri. Wakiendelea kushika ile ya dhahabu huwaambia, "Ukimaliza kuitazama hii, utakuwa umechoka, hutaitazama picha." Wengine humwelewa.

Harusi yake aliipanga hivyohivyo. Gauni lilikuwa la kitambaa cha rangi ya maziwa, mikono mirefu, bila shanga hata moja. Uzuri wake wote ulikuwa katika namna lilivyoanguka kutoka begani. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani na amewavalisha mabibi harusi miaka yote, alilifumua bega lile akalishona upya, akalifumua tena, mpaka likatulia. Alisema gauni lenye shanga husamehe fundi, hili halisamehe. Viti vilikuwa vya mbao vya shule, vimepigwa vanishi, bila vile vitambaa vya kuvivalisha wala riboni. Kadi zilikuwa za karatasi nzito na herufi nyeusi: majina, siku, saa, mahali. Baba mdogo aliigeuza kadi nyuma akitafuta sehemu iliyobaki.

Mchumba wa dada, mfamasia mpole, alikubaliana na yote. Huyo ndiye aliyemtia baba mdogo wasiwasi zaidi. "Kijana huyu," aliniambia, "ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu kama anakuandikia dawa. Mara mbili kwa siku, baada ya chakula."

Hakukata tamaa upesi. Alikuja na ombi la tao dogo la maua mlangoni. Likakataliwa kwa upole. Akaja na ombi la taa ndogo za kuwakawaka. Likakataliwa pia. Mwishowe akaomba moshi, ile mashine ya kufukiza ukungu maharusi wanapoingia.

"Kidogo tu," alisema, "wa kufika magotini."

Mama mdogo hakuinua macho kwenye cherehani. "Wewe unataka kuoza binti au kuchoma taka?"

Habari hazikukawia kufika bandani. Wanunuzi wakawa wanamtania kwamba wamesikia kwake mwaka huu mvua itanyesha bila radi. Alicheka nao, akaendelea kunadi. Lakini jioni nilimkuta sebuleni anafuta kipaza sauti chake kwa pamba yenye spiriti, kifaa ambacho kilikuwa safi tayari, na hakuwa anacheka. Aliniambia ameelewa. Wakwe ni watu wa vitabu, watu wa kuongea chinichini. Binti yake amekua, amekaa na picha nzuri, amejifunza kuona, na alichokiona ni kwamba baba yake ni kelele. Nikamwambia si kweli. Akasema basi nikamuulize. Nikamwambia akaulize mwenyewe.

"Twende wote," alisema. "Nikianza kunguruma, nikanyage mguu."

Tulimkuta dada anakata kioo. Baba mdogo alisubiri mpaka kigurudumu cha kisu kikafika mwisho wa mstari na kipande kikaachia. Kisha akauliza kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini. Fundi viatu wa jirani aliweka nyundo.

"Mwanangu, unanionea aibu?"

Dada alifuta mikono kwenye aproni. "Ningekuonea aibu ningekuomba usiseme kitu. Mimi nimeomba kipaza sauti kisiwepo."

"Tofauti iko wapi?"

Alikunja ngumi akaiweka chini ya kidevu, kama baba yake anavyoshika kipaza sauti, akasema polepole, "Ua limechanua. Nuru imeingia. Nani atabaki ameketi." Akaishusha ngumi. "Nimeyasikia hayo kabla sijaanza shule, baba. Mama yuko ndani anawafunga watu pini, wewe uko mbele, mimi mmenilaza nyuma ya spika. Kila mwanamke mji huu umemwita ua. Ukiniita na mimi ua, nitakuwa nimeolewa kama mteja."

Baba mdogo alivuta kigoda akaketi.

"Nataka siku hiyo asimame baba yangu," dada alisema. "Aniambie neno moja ambalo hajamwambia mtu mwingine. Ukilikosa, kaa tu ule. Nitafurahi vilevile."

Sikuhitaji kumkanyaga mguu. Alitembea mpaka karibu na nyumbani, kisha akasema, kama mtu aliyetukanwa, "Neno moja. Mimi mwenye maneno haya yote."

Alianza kulitafuta. Nikipita kwake jioni ananishika mkono na kunijaribishia. Nyota ya alfajiri? Nikamkumbusha binti wa mwalimu mkuu. Lulu? Huyo alikuwa wa daktari wa meno. Almasi alikuwa amewapa mapacha. Chemchemi, tunu, malkia asiye na taji, mboni ya jicho: kila alipoliinua neno alimkuta chini yake mwanamke mwingine, na alimkumbuka, akamtaja alivyovaa na mama yake alivyolia.

Hapo ndipo nilipomtazama upya mtu huyu. Mimi na hasira zangu za mnada nilikuwa nimemweka kundi moja na wauza moshi. Lakini nilikuwepo alipomwingiza mke wa mpagazi wa sokoni, kwenye ua wenye matope, watu wamekaa juu ya kreti za soda, na alimngurumia ngurumo ileile aliyompa binti wa meneja. Lulu ileile, malkia yuleyule, na hakuchukua malipo. Kwa muda wa kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, yule mwanamke alitembea kama ardhi ni yake. Baba mdogo hakubagua. Alitoa kila neno zuri alilokuwa nalo kwa yeyote aliyesimama mbele yake, na hakuwa na akili ya kuweka hata moja kabatini kwa ajili ya wa kwake.

Bandani alijaribu kunadi kioo cha kuvalia kwa sauti ya kawaida, kujizoeza. Wanunuzi wakaulizana kama anaumwa, na mmoja akamletea pipi za kikohozi. Mpaka asubuhi ya harusi, akiwa anafungwa tai na mkewe, hakuwa amelipata. Alisema atakaa tu ale, kama alivyoruhusiwa. Mama mdogo alimwambia asimame wima, tai inapinda.

Chumba cha muziki kina madirisha marefu na sakafu ya mbao. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka kikawa kama karatasi, na maua yalikuwa ndani ya glasi za kunywea maji. Hakukuwa na kingine, na hakuna kilichopungua. Watu waliongea kwa sauti za nyumbani. Kisha tukasikia viatu nje, vikaingia, na hatua za dada zikapita juu ya zile mbao moja baada ya nyingine, mkono wake kwenye mkono wa mama yake. Hakuna aliyetangaza chochote. Watu walisimama wenyewe, wote, na hakuna aliyebaki ameketi. Nilimwona baba mdogo akiangalia viti vitupu pande zote mbili za meza kwa mshangao.

Walipomaliza kula, mama mdogo alimgusa kiwiko. Nilidhani atatikisa kichwa kukataa. Akasimama. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe ukapanda mpaka chini ya kidevu, umeshika hewa. Watu wawili watatu wakacheka. Aliitazama ngumi ile, akaifungua, akailaza mezani.

"Mimi na mama yake tulikuwa tukifanya kazi kwenye harusi za watu," alisema. "Huyu tulimlaza nyuma ya spika, juu ya koti langu. Tukimaliza nambeba mpaka kwenye gari. Alikuwa anajifanya amelala."

Dada akainua kichwa.

"Nilikuwa najua. Mtoto aliyelala kweli hashiki kola. Huyu ananing'ang'ania kola huku anakoroma. Sikusema, kwa sababu ningesema, angeambiwa ashuke atembee. Akakua, miguu ikafika huku magotini, bado amelala, na mimi bado nambeba. Leo amekuja anatembea. Nimemsikia, sakafu ni ya mbao."

Alisubiri kidogo, kama kuna kitu kingine kinakuja. Hakikuja.

"Basi ni hilo. Hilo sijampa mtu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba Ngurumo anaweza kumaliza bila muziki. Mwisho wa meza, bibi yake bwana harusi, ambaye masikio yake yamechoka, aliuliza kasema nini. Jirani yake naye hakuwa amesikia vizuri, akamuuliza wa pili yake. Basi maneno yale yakaanza kusafiri, kutoka mdomo hadi sikio, kiti hadi kiti, na baba mdogo akayasindikiza kwa macho njia nzima. Yalipofika mwisho, bibi alicheka peke yake, amechelewa, kisha akatafuta leso kwenye mkoba.

Dada alikuwa ameshanyanyuka. Alizunguka meza akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Aliishika kola ya shati lake kwa mkono mzima, akaikunja ndani ya kiganja.

"Jamani," mama mdogo alisema, akipangusa macho kwa mgongo wa mkono, "hiyo kola nimeipiga pasi asubuhi."

Dada hakuiachia.