Kosa la Bibi wa Dawati la Mbele

Katika darasa la simu la wazee, bibi wa dawati la mbele hukifuta kioo cha simu, hukohoa kama anayebisha hodi, kisha humrekodia mwanawe ujumbe: "Baba, ni mimi mama yako. Hujambo?" Halafu humpa mwalimu simu. "Mjukuu wangu, niangalizie nilipokosea. Mbona hajibu?" Wenzake humtania, "Kichwa jiwe la kusagia!" Naye hucheka nao. Leo mwalimu, asiyevumilia uongo hata wa mzaha, alizitazama alama kwenye kioo: salamu zote zilifika, na zote zilisikilizwa, tangu ile ya kwanza. Akagusa kitufe cha kurekodia. "Umekosea hapa, Bibi. Turudie." Bibi akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akakohoa upya.