Mama Korido: mwalimu mkuu aliyewaachia wanafunzi ofisi yake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla kengele haijalia, mwalimu mkuu anafuta umande kwenye meza yake. Ndiyo, umande, hujasoma vibaya. Meza ya mkuu wa shule hii ya msingi ya serikali iko nje, kwenye korido, kati ya mlango wa Darasa la Nne na tangi la maji, na sakafuni pamechorwa mistari miwili ya chaki. Mvua ikija ya upande, meza inasogezwa hadi mstari wa pili.

Anakung'uta nailoni iliyofunika mafaili, anapanga muhuri, kidau cha wino na kitabu cha wageni. Kalamu zake zimesimama ndani ya kombe la mpira wa miguu ambalo shule ilishinda zamani, enzi za kipa mmoja ambaye siku hizi ni babu wa mwanafunzi wa hapa. Kisha anakaa, anashusha pumzi, anasubiri watoto 812 wapite mbele yake.

Wanamwita Mama Korido. Mwanzoni jina hilo lilitajwa kwa kunong'ona nyuma ya madarasa, yeye akijifanya hasikii. Sasa hata walimu wamelizoea, na ukimwita hivyo anaitika bila kinyongo.

Leo hatulii. Anainuka, anakaa, anainuka tena kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakijapinda. Saa nne anakuja afisa elimu kuamua jambo moja tu: ama mwalimu mkuu arudishe meza yake ofisini na chumba kirudi kuwa cha wageni, ama chumba kibaki mikononi mwa wanafunzi na shule iingizwe katika orodha ya shule za mfano, zile zitakazovutiwa intaneti kabla mwaka haujaisha.

"Nina furaha na nina hofu, na vyote vimekaa kiti kimoja," anasema, akicheka mwenyewe.

Kwa walioiona zamani, ile ilikuwa ofisi hasa. Masofa mawili yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vikombe, saa ya ukutani iliyosimama siku nyingi bila mtu kujali. Ndicho chumba pekee shuleni chenye dari, nondo madirishani na umeme wa kuaminika. Kwa hiyo kompyuta kumi na nane zilizotumika zilipoletwa kama msaada, hapakuwa na mjadala, zikawekwa humo kwa usalama.

Na zikawa salama kweli kweli. Zilikaa kwenye maboksi miezi kumi na moja, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, hakuna aliyezigusa isipokuwa mfagiaji. "Mgeni akija namwonyesha, namwambia hizi ndizo kompyuta zetu," anakumbuka. "Anasema hongereni sana. Anaweka glasi yake ya maji juu ya boksi, tunaendelea na mazungumzo. Nami najiona mkuu wa shule ya kisasa."

Kilichomzindua hakikuwa semina wala waraka. Kilitoka nyumbani kwake, kinywani mwa binti yake wa pekee.

Hapa lazima tusimame kidogo tueleze ujanja mmoja ambao walimu wengi wa makamo wanaujua, ingawa ukiwauliza watakukazia macho. Siku ya mkaguzi, darasa linaandaliwa mapema. Swali likiulizwa, kila mtoto anyooshe mkono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, jibu linatoka sahihi, na mgeni anaondoka na picha ya darasa zima lenye mikono juu. Mama Korido, katika miaka yake ishirini na tisa ya ualimu, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Walimu wapya walitumwa kwake kujifunza.

Basi jioni moja, mama na binti wanakunja nguo zilizokauka, mama anasimulia kwa madaha jinsi wakaguzi walivyoondoka wameridhika. Binti, ambaye alisoma shule hiyo hiyo ya mama yake na sasa ni fundi umeme wa miaka ishirini na minne, aliendelea kukunja shuka. Alisema bila kupandisha sauti.

"Mama, mimi nilinyoosha wa kushoto kila mgeni alipokuja, miaka yote niliyosoma pale. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini."

Mama alikaa chini. Hadi leo akisimulia hapo anatafuta kitu cha kupanga mezani. Anasema alikuwa akiiona ile mikono ya kushoto, aliiona vizuri sana, kwani kazi yake ilikuwa kuiruka. Ila hakuwahi kufikiri kwamba mmoja kati yake ulikuwa wa mwanawe.

Jumamosi iliyofuata masofa yakatoka. Mume wake, seremala mstaafu asiyependa kuulizwa maswali mengi, akaligeuza kabati la vikombe kuwa meza mbili ndefu. Binti akatandaza nyaya na kufunga soketi, akapakia kamusi na vitabu vya marejeo kwenye kila kompyuta kwa kuwa intaneti haipo. Mwalimu mkuu naye akakaa kujifunza. Siku ya kwanza alikinyanyua kipanya juu na kukielekeza kwenye kioo, kama mtu anayebadilisha chaneli ya televisheni. Binti alicheka hadi akaegemea ukuta.

Chumba kina sharti moja la kuingilia, nalo liko mlangoni kwa herufi kubwa: NJOO NA USICHOKIJUA. Kila mwanafunzi ana daftari dogo la mambo asiyoyajua. Huna swali, huingii. Mwaka jana Darasa la Sita peke yake liliandika maswali 1,940, mengi ya maana, machache ya kumtia mwalimu aibu.

Korido nayo ikaleta mambo yake. Wazazi waliokuwa wanaogopa mlango wa ofisi sasa wanasimama mezani, wanasema shida zao na kwenda zao. Wanaochelewa hawana pa kupitia. Kabla ya hapo walikuwa themanini na zaidi kwa wiki. Sasa hawafiki kumi na watano, na Mama Korido anaongeza kwa jicho la pembeni kwamba anahesabu na walimu.

Si wote waliofurahi. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule aliandika barua kwa afisa elimu akilalamika kwamba mkuu anakishushia cheo hadhi yake, anapokea wageni kando ya tangi kama muuza vocha. Barua hiyo ndiyo inayomleta afisa leo.

Saa nne kamili anaingia, mwanamume mrefu mwenye miwani na faili la kijani. Anasimama mbele ya ile meza akitafuta mlango wa kubisha. Haupo. Mwalimu mkuu anamkaribisha, anampa kiti, na afisa anatia sahihi kitabu cha wageni huku watoto wa Darasa la Nne wakimchungulia dirishani. Haonyeshi kupenda wala kuchukia. Anasema angependa kuona somo moja kwanza.

Wanaingia Darasa la Sita, wanafunzi hamsini na wawili. Anayefundisha ni mwalimu mkuu msaidizi, mtu mpole aliyefanya kazi na Mama Korido miaka ishirini, na leo amevaa tai ambayo mara ya mwisho ilionekana harusini kwake. Afisa anaomba aulize swali yeye mwenyewe. Anatazama juu.

"Asubuhi jua likianza kupanda, bati la nyumba hulia, ta, ta, ta. Kwa nini?"

Mikono yote hamsini na miwili inaruka juu.

Afisa anatabasamu kwa mara ya kwanza. Mwalimu msaidizi anavuta pumzi, anaanza kutafuta wa kumchagua. Mama Korido amesimama nyuma ya darasa. Ameona. Zaidi ya nusu ya mikono ile ni ya kushoto.

Baadaye ilijulikana kwamba jana mchana, yeye na binti yake walipokwenda kununua soketi mbili, msaidizi wake aliliandaa darasa kwa njia ya zamani. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliogopa chumba kisije kikachukuliwa. "Nilitaka kumsaidia mkuu wangu," anasema, akiangalia viatu vyake. "Na huo ujanja ni yeye aliyenifundisha, mwezi wangu wa kwanza kazini."

Wakati huo Mama Korido alikuwa na sekunde chache tu za kuchagua. Angenyamaza, mtoto wa mkono wa kulia angejibu, afisa angeweka tiki, na chumba kingebaki. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba wiki nzima. Anakiri kwamba ulimi ulikuwa umeshakubali kukaa kimya.

Lakini anatembea hadi mbele.

"Samahani, Afisa," anasema. "Walionyoosha wa kulia, shusheni. Wa kushoto, bakini hivyo hivyo."

Darasa linapigwa na butwaa. Mikono inashuka. Inabaki thelathini na mmoja. Mwalimu msaidizi anashika ukingo wa meza. Mwalimu mkuu anamweleza afisa yote, wazi, mbele ya watoto: maana ya kushoto, maana ya kulia, nani aliyeuleta mchezo huo shuleni hapa na kwa miaka mingapi. Hamtaji msaidizi wake. Anajitaja yeye.

Hapo msichana mdogo wa dawati la pili anaomba kusema. Mkono wake wa kushoto bado uko juu. "Mwalimu, mimi natumia shoto," anasema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. "Mimi jibu najua."

Darasa zima linaangua kicheko, na afisa naye hajizuii. Mwalimu mkuu anamwambia msichana huyo abaki na jibu lake kinywani, atawapima wenzake wakirudi. Kisha anawageukia wale thelathini. "Nyie hamjui. Vizuri sana. Chumba ni chenu."

Wanatoka mbio kwenye korido, wawili wawili kwa kila kompyuta. Afisa anawafuata, faili kwapani. Anasimama nyuma yao, mara anainama, mara anavua miwani, na mwisho anakaa kabisa kwenye benchi kati ya watoto wawili wanaobishana kama waandike "bati" au "chuma". Anawaambia wajaribu "joto". Dakika kumi na moja baadaye, mvulana mmoja anasimama darasani na daftari lake. Anasema bati likipata joto linatanuka, lakini misumari imelibana, basi linang'ang'ania, likiachia ndipo linalia. Msichana wa shoto anatikisa kichwa kukubali.

Ingekuwa zamani, makofi yangepigwa hapo na somo likaisha. Mvulana hajakaa. Anageukia afisa.

"Na jioni je? Mbona na jua likizama linalia vilevile?"

Msaidizi anamtazama mkuu. Mkuu anamtazama afisa. Afisa elimu, mwenye miaka kumi na minne katika cheo hicho, anatafakari kidogo, anafunga faili la kijani, na taratibu ananyoosha mkono wake wa kushoto.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi tangini. Watoto walipiga madawati, mwalimu msaidizi alilegeza ile tai ya harusi, na Mama Korido alicheka huku machozi yanamtoka, hana hata habari ya kuyafuta. Afisa akarudishwa chumbani akiongozwa na darasa zima, safari hii wa kulia na wa kushoto pamoja.

Kabla ya kuondoka aliandika mstari mmoja katika kitabu cha wageni, na mwalimu mkuu humfungulia kila anayetaka kuusoma: "Meza ibaki koridoni. Shule iingizwe kwenye orodha." Pembeni, kwa herufi ndogo, ameongeza kwamba bati la jioni linasinyaa.

Mama Korido amebakiza miaka minne astaafu, na mipango imejaa hadi pomoni. Mwezi ujao amealikwa kuzungumza na wakuu wa shule thelathini. Hatapeleka hotuba. Atawauliza swali gumu, kisha atawaomba wasiojua wanyooshe mkono, na hatatoka ukumbini hadi auone mmoja. Baada ya hapo anakitolea macho chumba cha walimu, kwa kuwa nacho kina soketi mbili, na walimu wenyewe wameanza kumkwepa.

Saa kumi alasiri shule imetulia. Ndani ya iliyokuwa ofisi, binti yake yuko juu ya ngazi, anafunga taa mpya. Mama anamsimulia habari ya siku nzima kutoka mlangoni, kwa mikono na miguu, na binti anasikiliza bila kugeuka. Hadithi inapoisha, binti ananyoosha mkono wa kushoto, bisibisi ikiwa bado kiganjani.

"Ndiyo, mwanangu," anasema mwalimu mkuu, akivuta kiti. "Uliza."