Mistari Minne ya Maji

Miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la saruji, na hakuna mfuko uliopita mlangoni bila kubonyezwa na kidole chake. Wapakiaji walimbandika jina la Hakiki, likamganda hata alipostaafu. "Huyu," mkewe alikuwa akiwaambia mashoga zake, "hata kivuli chake anakiuliza kimetoka wapi."

Msimu ule maharage yake nyuma ya nyumba, mistari minane, yalidhoofu. Majani yalipauka njano, mishipa tu ikabaki kijani. Binti yake, muuzaji wa duka la pembejeo, akamletea chupa.

"Ni mbolea ya kupulizia majani, baba. Kijiko kimoja kwenye pampu ndogo, asubuhi au jioni. Udongo wako unayabania chakula, basi yalishe kwa juu."

Hakiki akaifungua, akainusa, akakunja uso. "Mmea unakula kwa mizizi. Wewe umemwona nani akashiba kwa kupakwa uji usoni?"

"Jaribu tu, baba."

"Nitajaribu. Lakini kwa akili."

Akaligawa shamba: mistari minne dawa, minne maji matupu. Chupa akaichora alama ya kalamu pale dawa ilipofikia, akaifungia kabatini. Kila baada ya siku saba, asubuhi, alipulizia mwenyewe, maji kwanza kisha dawa, akachora alama mpya, akaiacha pampu bombani mkewe aioshe, kama alivyoacha kila chombo tangu waoane.

Siku ya tisa mistari ya dawa ilirudisha rangi. Majani yakatanuka, vikonyo vikasimama. Hakiki akaanza kulainika moyo. Lakini wiki ya tatu alipoikagua mistari ya maji, nayo ilikuwa inarudi kijani! Akachuchumaa, akageuza majani chini juu. Akaenda kwenye ua wa jirani kutafuta nyayo, asione hata za kuku. Akafungua kabati: dawa iko palepale kwenye alama. Akajumlisha mwenyewe: kama maji na dawa vimetoa jibu moja, basi dawa ni maji.

Jumapili binti alipokuja hakumngoja hata anywe chai.

"Mmeanza lini kuuza maji ya rangi?"

"Baba, unaniita tapeli?"

"Sijakuita. Maharage ndiyo yanayosema."

Binti akasimama, akachukua mkoba wake na kutoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja, wala simu ya baba yake hakupokea.

Jioni ya Jumapili hiyo ya pili mkewe aliacha kuchambua mchele, akamkazia macho.

"Baba watoto, nisikilize kabla hujanihoji. Kila ukimaliza unabakiza karibu nusu pampu. Mimi kumwaga kitu kizuri siwezi. Nikawa naipulizia ile mistari yako mingine. Ilikuwa inanitia huruma, inatazama wenzake wakila."

Hakiki akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza hati ya kutolea mali ghalani."

Hakucheka. Kilichomuuma hakikuwa jaribio lililoharibika. Miaka yote alishuku madereva, wapakiaji, majirani, na kila alipokosea alinyamaza, mambo yakapita. Binti hakuwa wa kunyamaziwa.

Asubuhi alivaa shati la kazini, akaenda dukani. Binti alikuwa anamhudumia mkulima mmoja aliyeshika chupa ileile, akiigeuzageuza kwa macho ya wasiwasi ambayo Hakiki aliyafahamu vizuri.

"Shikamoo, baba," binti alisema, bila kumtazama.

"Marahaba." Akakohoa, akamgeukia mkulima. "Hiyo inafanya kazi, ndugu yangu. Maharage yangu yalikuwa njano, siku ya tisa yakarudi. Usipulizie kwenye jua la mchana, majani yataungua. Na usizidishe kijiko. Mimi niliidharau, nikamtukana aliyeniletea. Aliyeniletea ni huyu hapa. Ni mwanangu, na alisema kweli."

Mkulima akawatazama mmoja baada ya mwingine, akalipa haraka na kuondoka.

Binti alipangapanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mwishowe akauliza, "Nani alikwambia?"

"Mama yako. Nilitenga mistari minne ya maji matupu niipime dawa yako, kumbe yeye alikuwa anaipulizia dawa iliyobaki."

Kicheko kikamponyoka binti kabla hajakizuia, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akavuta kigoda kutoka chini ya meza.

"Kaa, baba. Umekunywa chai?"

Alikuwa hajanywa.